Namba Tisa Aliyepitia Lubumbashi

 Leo, msikilizaji, nimekuja na ubishi. Kila linapotajwa jina la straika wetu Mbwana Ally Samatta kijiweni, hazipiti dakika mbili kabla mtu hajauliza, "Lakini huyu jamaa Uingereza alikwama wapi?" Na anayeuliza huwa ameshajijibu. Huyu atakwambia umri ulikuwa umeshasogea, yule atakwambia hakuwa na bahati, na mwingine, yule wa pembeni mwenye mkeka wake mfukoni, atakwambia Wazungu hawampi Mtanzania pasi.

Mimi nasema swali lenyewe limekaa vibaya. Linachukua miezi michache ya mwaka 2020 pale Aston Villa na kuifanya hakimu wa kazi ya zaidi ya miaka 15. Straika hapimwi hivyo. Mpime kwa miaka ambayo timu nzima ikipata mpira inanyanyua macho kumtafuta yeye. Kwa kipimo hicho Samatta ana miaka karibu tisa: mitano kasoro Lubumbashi, Congo, minne Genk, Ubelgiji. Hiyo ndiyo nataka tuizungumze, na hasa ile ya Lubumbashi, ambayo naona tumeisahau kwa sababu haikuonyeshwa kwenye vibanda umiza.

Alizaliwa Dar es Salaam, Desemba 1992, na mpira wake ni wa Mbagala. Timu iliyomtoa ni African Lyon, ile iliyowahi kuitwa Mbagala Market. Wanaoujua mpira wa mchangani wanajua unavyomfundisha mshambuliaji. Kiwanja hakina nyasi, mpira unadunda unavyotaka wenyewe, na beki anayekukaba ana miaka kumi zaidi yako na hana haraka ya kurudi nyumbani. Ukisubiri mpira utulie ndipo upige, umeshanyang'anywa. Unajifunza kupiga mapema, na unajifunza kuruka kabla ya kurukiwa.

Mwaka 2010 akaenda Simba. Hapo hakukaa sana, na sababu yake ni moja ya hadithi tamu za soka letu. Mwaka 2011 Simba ilipangwa na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Tukumbuke Mazembe walikuwa nani wakati ule. Walikuwa mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Desemba ya 2010 walikuwa Abu Dhabi kwenye fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale, na wakafungwa na Inter Milan 3-0. Hao ndio waliokuja kucheza na Simba. Lubumbashi wakashinda 3-1, Dar es Salaam wakashinda 3-2. Halafu Simba wakakata rufaa kuhusu uhalali wa mchezaji mmoja, Janvier Bokungu, rufaa ikakubaliwa, Mazembe wakaondolewa mashindanoni. Simba wakapelekwa Cairo kucheza na Wydad Casablanca kugombea nafasi ile, wakafungwa.

Kwa hiyo uwanjani Mazembe waliitoa Simba, mezani Simba wakawatoa Mazembe, na mwisho wa yote Mazembe wakaondoka na kijana wa Simba mwenye miaka 18. Kama kuna mtu alishinda katika mgogoro ule, ni Moïse Katumbi, mwenye timu, aliyekuwa wakati huo gavana wa Katanga. Alikuwa amekiona alichokitaka.

Sasa fikiria huo uhamisho. Siku zile, na hata leo, kijana wa Kitanzania akiambiwa "unakwenda nje" anachokiona kichwani ni theluji. Majaribio Sweden, majaribio Norway, wiki mbili hotelini, anarudi na koti zito na picha za uwanjani. Samatta akaenda Lubumbashi, ambako anaposhuka uwanja wa ndege anayemsalimia anamsalimia kwa Kiswahili. Ni Kiswahili chao cha Katanga, kina mapindo yake na maneno yake ya Kifaransa yaliyopachikwa humo, lakini ni Kiswahili. Kijana anaweza kuuliza bei ya mihogo, anaweza kutaniana na mtunza vifaa, anaweza kuelewa anapotukanwa. Msidharau hilo. Straika anaishi kwa kujiamini, na mtu asiyeweza kuzungumza na wenzake hujiamini kwa shida. Na hakuwa peke yake, maana Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, naye alikuwa Mazembe hiyo hiyo.

Halafu kulikuwa na kazi yenyewe. Mazembe walikuwa na uwanja wao wenyewe pale Kamalondo, walikuwa na fedha, na walikuwa na wachezaji kutoka Zambia, Ghana, Mali, Ivory Coast. Jina kubwa alilolikuta katika ushambuliaji lilikuwa la Trésor Mputu, mtu ambaye Wakongo walimwimba. Kijana aliyekuwa nyota Simba akajikuta ni mmoja kati ya wengi. Kila mazoezi ni usaili. Kila mwaka timu inataka kombe la Afrika, na ukishika nafasi ya pili watu wananuna. Hiyo ndiyo shule ninayoisema. Alisoma humo tangu 2011 mpaka Januari 2016, bila kurukaruka, wala kurudi nyumbani kwa mkopo, wala kubadilisha wakala kila dirisha la usajili likifunguliwa.

Matunda yakaiva 2015. Mazembe, chini ya kocha Mfaransa Patrice Carteron, wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa kukutana na USM Alger. Mchezo wa kwanza Algiers, Mazembe wakashinda 2-1, na bao la pili ni penalti ya Samatta. Wa pili Lubumbashi, tarehe 8 Novemba, mpira umebana kwelikweli, dakika ya 75 ikapatikana penalti nyingine. Akaifuata yeye tena. Akafunga. Mwishoni Roger Assalé akaongeza la pili, ikawa kombe la tano la Mazembe.

Hapa naomba tukae kidogo. Watu wanasema penalti ni bao la bure. Sawa, nenda kaipige wewe. Fainali ya Afrika, uwanja wa nyumbani, mji mzima umefunga maduka, kipa ameshakuona ukipiga wiki iliyopita tu na ameshachunguza mguu wako unaelekea wapi. Anayekabidhiwa mpira hapo amekabidhiwa na wenzake wote, na wenzake hao ni Wakongo na Wazambia wenye majina. Kijana wa Mbagala akawa ndiye mtu wa kupewa mpira huo mara mbili katika fainali moja. Kwangu hicho ndicho kilele, na kilitokea kwenye mji ambao wengi wetu hatuwezi kuuonyesha kwenye ramani, ingawa tunazungumza lugha moja na watu wake.

Alimaliza mashindano yale na mabao 7, kileleni mwa orodha ya wafungaji. Januari 2016, Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akiwashinda kipa wake mwenyewe Robert Kidiaba na Baghdad Bounedjah wa Algeria. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Usiku huo huo Aubameyang alichukua ile kubwa, kwa hiyo magazeti ya dunia yalikuwa na mtu mwingine wa kuandika habari zake. Magazeti yetu, kwa mara moja, hayakujali.

Ndani ya mwezi huo huo akasaini Genk ya Ubelgiji. Angalieni jambo moja. Lubumbashi ni mji wa shaba. Genk ni mji mdogo uliokua juu ya migodi ya makaa ya mawe, migodi ikafungwa, wakabaki watu wa kila kabila walioletwa kuchimba: Waitaliano, Waturuki, Wamorocco. Mtu mgeni pale si kioja. Na klabu yenyewe inajulikana kwa kazi moja: inachukua vijana, inawapika, inawauza. Kevin De Bruyne alipita pale. Thibaut Courtois alipita pale. Samatta alipofika aliwakuta Wilfred Ndidi na Leon Bailey, na muda si muda wote wawili walikuwa wameshauzwa. Yeye akabaki. Novemba 2017 akaumia goti, akakaa nje miezi, akarudi, akabaki.

Msimu wa 2018-19 ndio uliomfanya Mbelgiji wa kawaida alijue jina lake. Agosti aliwafunga Brøndby wa Denmark mabao matatu katika mchezo mmoja wa kuwania kuingia Ligi ya Europa. Katika ligi akapita mabao 20. Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, mara ya nne tu katika historia yao. Akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile.

Sasa wacha niseme kidogo kuhusu namna anavyofunga, kwa sababu tunapiga kelele za "goooli" halafu hatuangalii limetoka wapi. Samatta si mtu wa chenga nyingi. Hatakuchukulia mpira katikati ya uwanja akawapita watu watano. Kazi yake ameifanya kabla mpira haujafika. Mwangalieni anavyosimama: anakaa nyuma ya bega la beki wa kati, upande ambao beki akitaka kumwona lazima aache kuuona mpira. Hapo anamlazimisha beki achague. Beki akigeuza shingo kumtafuta, yeye ameshachomoka kwenda nguzo ya kwanza. Beki asipogeuka, yeye anarudi nyuma hatua mbili, anabaki peke yake nguzo ya pili. Zaidi ya nusu ya mbio hizo ni za bure, mpira hauji, anarudi anaanza upya. Mtazamaji anasema, "Leo Samatta haonekani." Beki ambaye shingo inamuuma anajua kama alionekana au hakuonekana.

Na anaruka. Si mrefu wa kutisha, lakini anapanda mapema, anakaa hewani, anaupiga kwa paji. Tarehe 5 Novemba 2019, Anfield, Liverpool wakiwa mabingwa wa Ulaya. Imepigwa kona, Samatta akapanda nguzo ya kwanza mbele ya walinzi, kichwa, wavuni. Ilikuwa 1-1. Genk walifungwa 2-1 mwishoni, lakini bao lile liko pale, hakuna anayeweza kulifuta.

La kufutwa lilikuwa jingine. Wiki mbili nyuma, timu hizo hizo zilicheza kule Genk. Samatta akafunga kwa kichwa, uwanja ukalipuka, huku kwetu watu wakaruka juu ya meza, halafu VAR ikaangalia, ikakuta mwenzake Junya Ito alikuwa ameotea kabla ya kupiga krosi. Bao likafa. Yeye hakuwa na kosa, hatua zake zilikuwa sawa, muda wake ulikuwa sawa, kichwa kilikuwa sawa. Mguu wa mtu mwingine ulikuwa mbele kidogo. Straika analipwa kwa vitu ambavyo nusu yake haviko mikononi mwake, na ukilielewa hilo utamsamehe mengi, hata yule wa timu yako anayekunyima usingizi.

Haya, tufike Birmingham.

Siku ya mwaka mpya 2020, straika wa Aston Villa, Mbrazili Wesley, aliumia vibaya goti kwenye mchezo na Burnley. Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja. Wakahitaji namba tisa, tena haraka, dirisha la Januari likiwa wazi. Wakamchukua Samatta kwa ada iliyotajwa kuwa takriban paundi milioni 8.5. Tarehe 28 Januari akaanza kwenye nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester, Villa wakashinda 2-1 dakika za nyongeza na kwenda Wembley. Tarehe 1 Februari akacheza mchezo wake wa kwanza wa ligi, ugenini Bournemouth, akafunga. Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Mtanzania wa kwanza kufunga humo, siku moja. Tarehe 1 Machi, fainali, Manchester City wako mbele 2-0, Anwar El Ghazi akatia krosi, Samatta akajirusha, kichwa, 2-1. Hivyo ndivyo ilivyoisha.

Hebu hesabu. Ndani ya wiki tano: nusu fainali, bao la ligi, bao la Wembley. Hakuna aliyekuwa akiuliza alikwama wapi. Halafu ikaja corona. Ligi ikasimama katikati ya Machi, ikarudi Juni bila mashabiki, na timu iliyorudi ilikuwa na hofu ya kushuka iliyowakaa mpaka mifupani. Villa wakawa wanalinda zaidi ya kushambulia, krosi zikapungua, mpira unaofika miguuni mwa namba tisa ni wa kubahatisha. Akakaa bila bao, akakaa benchi. Villa walinusurika siku ya mwisho kwa pointi moja. Wakapata nafasi ya kupumua na fedha za kutumia, Septemba wakamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford, na Samatta akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Ni mgeni aliyealikwa wakati sufuria linapakuliwa kwa mara ya mwisho, halafu analaumiwa kwa kuondoka na njaa.

Sisemi hakukosa. Alikosa nafasi, kuna moja au mbili nikizikumbuka naguna mpaka leo. Wala sisemi Villa walikosea kumleta Watkins. Matokeo yamewapa haki. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuwa akipewa miaka ili timu imzoee, safari hii alipewa wiki. Mazembe ilimpa muda wa kukosa. Genk ilimpa muda wa kuumia na kurudi. Villa hawakuwa na muda wa kumpa mtu yeyote, wao wenyewe walikuwa wanazama.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Uturuki, kisha mkopo Antwerp, kisha mkopo kurudi Genk 2022-23. Msimu ule wa Genk una kichekesho kichungu: siku ya mwisho Genk walikuwa nyumbani wanaongoza 2-1 na ubingwa wao mkononi, dakika ya nne ya nyongeza Toby Alderweireld akapiga shuti la mbali, 2-2, kombe likaenda kwa wapinzani wao. Wapinzani hao walikuwa Antwerp, timu aliyoichezea Samatta msimu mmoja nyuma. Angebaki kule angekuwa bingwa. Baadaye akaenda PAOK ya Ugiriki, huko akapata ubingwa wa 2023-24, na mwaka 2025 akatua Le Havre, Ufaransa, akiwa na miaka 32. Hiyo ni nchi ya saba, ukianza kuhesabu na nyumbani. Kijana wa mchangani ambaye miguu yake ilikuwa bado inauzwa Ulaya akiwa na miaka 32, halafu kijiweni tunasema alifeli.

Tukirudi nyumbani kuna kesi nyingine, ya Taifa Stars. Mwaka 2016 kocha Charles Boniface Mkwasa alimpa unahodha, akiupokea kutoka kwa Nadir Haroub, na uamuzi ule ulizua kelele. Machi 24, 2019, Stars waliichapa Uganda 3-0 kwenye Uwanja wa Taifa, ambao leo tunauita kwa Mkapa, na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Wafungaji walikuwa Simon Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, na Aggrey Morris. Jina la nahodha halimo. Nimewahi kusikia mtu akilitumia hilo kama ushahidi dhidi yake! Ndugu yangu, mabeki wa Uganda walimlinda nani siku ile? Walimganda nani mpaka wakamwachia Msuva njia?

Miezi mitatu baadaye, Cairo, tarehe 27 Juni, Tanzania na Kenya. Wale waliokesha wanaujua mchezo huo. Msuva akatangulia. Michael Olunga wa Kenya akasawazisha dakika ya 39. Dakika iliyofuata Samatta akaturudisha mbele. Tukaenda mapumziko 2-1. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha, na dakika ya 80 Olunga akamaliza kazi. 3-2. Majirani zetu wa Nairobi wakitaka kututania mpaka leo wanaianza hadithi hiyo dakika ya 80, ile ya 40 hawaitaji kabisa.

Olunga ni mfano mzuri wa ninachokisema, kwa sababu yeye alianza kwa kurukaruka. Kutoka Gor Mahia akaenda Sweden, akaenda China, akaenda Hispania kwa mkopo. Pale Girona alifunga mabao matatu katika mchezo mmoja wa ligi kuu, Januari 2018, na bado hakubaki. Akatua Kashiwa Reysol ya Japani katikati ya 2018, na mwisho wa msimu timu ikashuka daraja. Wakala mwingine angesema, "Tuondoke." Akabaki daraja la pili la Japani, mahali ambapo hakuna kibanda umiza kinachoonyesha. Novemba 2019 akafunga mabao 8 katika mchezo mmoja, Kashiwa 13, Kyoto 1. Wakapanda. Mwaka 2020 akafunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani, akawa mfungaji bora, akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Lubumbashi yake ilikuwa Kashiwa.

Sasa nije kwenye linalonikera zaidi. Tazameni orodha ya wafungaji bora wa Ligi Kuu yetu. Msimu wa 2018-19 ni Meddie Kagere, wa Rwanda. Msimu wa 2019-20, Kagere tena. Akaja John Bocco 2020-21, mabao 16. Akaja George Mpole wa Geita Gold 2021-22, mabao 17. Baada ya hapo, 2022-23, Fiston Mayele wa Congo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi wakagawana. Msimu wa 2023-24, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso. Msimu wa 2024-25, Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast. Misimu saba, Watanzania wawili.

Msinielewe vibaya, mimi si mtu wa kufunga mipaka. Ningeanzaje, wakati kijana wetu alilelewa na Wakongo? Mayele alipokuwa Yanga alitupeleka fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, na alipoondoka kwenda Pyramids ya Misri akachukua Ligi ya Mabingwa 2025. Watu wa aina hiyo wanamfundisha beki wetu, wanamfundisha kipa wetu. Wanayemfunika ni yule kijana wa miaka 19 anayecheza nafasi ile ile. Klabu kubwa inataka namba tisa aliyekwisha kuiva, na inamtaka leo, kwa sababu watani wa jadi wanacheza wiki ijayo. Kijana anasogezwa winga, anazoea kukimbilia kibendera cha kona, akifika miaka 23 ameshasahau kusimama nyuma ya bega la beki. Sisi tumekuwa Villa wa vijana wetu wenyewe, hatuna wiki ya kumpa mtu.

Na vijana wetu wanaokwenda nje nao wanatuonyesha jambo. Selemani Mwalimu alinyakuliwa na Wydad mapema 2025, akaenda nao Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi kwa mkopo Simba. Sioni aibu katika kurudi. Nataka tu kujua nani alikaa naye chini akamwambia kule atacheza dakika ngapi. Kelvin John alipita njia tofauti: shule Uingereza akiwa kijana mdogo, akasajiliwa na Genk hiyo hiyo, baadaye akaenda Aalborg, Denmark. Huyo naye simhukumu. Miaka yake ya kuhesabika bado inaandikwa.

Halafu yuko Clement Mzize, straika aliyeibukia Yanga. Januari 2025, kwa Mkapa, hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, Yanga walishinda 3-1 na Mzize akafunga mawili. Waliofungwa ni TP Mazembe. Bao mojawapo lilikuja kutajwa bao bora la mwaka na Shirikisho la Soka Afrika. Tangu hapo kila dirisha la usajili likikaribia, simu hii ninayoiona hapa mezani inalia: auzwe, asiuzwe, aende Uarabuni, aende Ulaya, aende Misri. Wanachama wa Yanga wanataka abaki, familia za wachezaji zinataka kula, mawakala wanataka asilimia yao, na wote wana haki.

Ningekuwa mimi ndiye ninayeshauriwa, nisingeuliza klabu ina jina gani wala mshahara ni dola ngapi kabla ya kuuliza mambo matatu ya kijinga kabisa. Kocha aliyemtaka ana mkataba wa muda gani? Namba tisa aliyepo pale ameumia au amezeeka, kwa maana anatafutwa mtu wa wiki sita au wa miaka minne? Na krosi zinatoka wapi, kuna mawinga? Majibu yakiwa mazuri, hata kama klabu iko mji wa migodi ambao hakuna shabiki wetu anayeujua, ningemwambia asaini, tena anunue na vyombo vya nyumbani, asikae hotelini.

Nimesema vya kutosha, na kwa mtayarishaji wangu upande wa pili wa kioo naona laini zimejaa. Wa kwanza ni msikilizaji kutoka Temeke, ananiambia ana la kusema kuhusu Bocco, kwamba nimemtaja mara moja tu. Karibu hewani, mzee wangu. Na wewe uliyeko Mombasa, usikate simu, najua umekuja na dakika ya 80.